Hodi Tatu za Mjomba Kobero

Siku ile naikumbuka, mjukuu wangu, hadi rangi ya uzi uliokuwa kwenye sindano. Ulikuwa wa bluu, kwa sababu nilikuwa nashona sketi za shule. Ilikuwa Jumanne, na nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Ngoja nikueleze hasira yenyewe kwanza, maana bila hiyo utaniona mtu mbaya. Huenda nilikuwa mbaya kweli, lakini sikiliza kwanza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Kiwanda cha nguo nilichokitumikia tangu usichana kilitupunguza kazi, nami nikarudi nyumbani Kihonda na mafao yangu, nikanunua cherehani ya miguu na kuiweka sebuleni karibu na dirisha. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa mwezi. Mitumba ilikuwa imejaa kila gulio, na nani atampelekea fundi kitambaa wakati gauni zima linamsubiri pale chini kwenye turubai? Kitu kimoja tu hakikupatikana kwenye marobota yale, nacho ni sare za shule. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliponipa sketi na mashati ya darasa la kwanza zima, akataka yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa, nilijua hapo ndipo pa kusimamia. Ningeshindwa, ningerudi kuuza vitumbua kama wenzangu, na mimi vitumbua vyangu hata kuku walikuwa wanavikwepa.

Sasa njoo kwa wageni. Watu wa mtaa wetu wengi walikuwa wamepunguzwa kazi kama mimi, na mtu aliyekosa kazi hujaliwa muda mwingi sana wa kutembelea wenzake. Wakisikia cherehani inalia wanajua mwenyewe yupo. Kulikuwa na jirani yangu Mama Zuhura, mwanamke mwenye moyo mzuri, Mungu amrehemu. Alikuwa akiingia anasema, "Sikai, shoga, sikai, nimepita tu," huku mkono tayari unavuta kigoda. Atakaa mpaka jua lihame kutoka mlangoni hadi uvunguni mwa meza. Akinyanyuka anasema, "Haya, mie nilikuwa sikai," kisha anaanza habari nyingine amesimama, na zile za kusimama ndizo zilizokuwa ndefu.

Kulikuwa na yule tuliyefanya naye kazi kiwandani, kila akija ananiambia, "Umepotea sana wewe!" Nimepotea wapi, nami niko nyumbani kwangu, na yeye ndiye aliyetoka kwake? Kulikuwa na wanaoleta suruali imepasuka toka kiunoni hadi gotini wakasema, "Ni kidogo tu hiki, dakika moja." Mwanangu, nilifika mahali nikisikia neno "kidogo tu" meno yananiuma.

Na juu ya wote hao alikuwapo mjomba wangu Kobero, wa kule Kinole mlimani, binamu wa marehemu mama yangu na mkubwa wa ukoo wetu. Yeye alikuwa hamalizi sentensi bila kuuliza, "Unanisikia lakini?" Mvua imenyesha, unanisikia lakini? Barabara imeharibika pale Mkuyuni, unanisikia lakini? Nilikuwa namsikia. Mtaa mzima ulikuwa unamsikia.

Basi wiki ile ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa nilijiwekea uamuzi. Nikafunga mlango kwa komeo, nikashusha pazia. Nikajiambia kwamba atakayepiga hodi nitasimamisha miguu, ninyamaze, apige hodi zake tatu na aondoke. Ndivyo tulivyofundishwa wote: hodi ni tatu, usipojibiwa unageuka, wala hununi. Nikaona nimepata dawa isiyomuumiza mtu, nikajipongeza.

Jumanne hiyo, kabla ya adhuhuri, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi wenyewe! Unanisikia lakini?"

Nilimtambua, mwanangu, sitakudanganya. Nilijua ni mjomba, na nilijua ameshuka mlimani juu ya lori la ndizi, kisha amekuja kwa miguu kutoka sokoni. Nilikuwa na mashati kumi na tisa hayana mikono. Nikaondoa miguu kwenye kanyagio na kushika gurudumu kwa kiganja lisilie. Akapiga hodi ya pili, ya taratibu. Akapiga ya tatu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza jambo ambalo jibu lake ameshaanza kulijua. Kisha nikasikia ndala zake zinaondoka. Sikusubiri hata afike barabarani, nikaanza tena kushona.

Jioni nilipofungua mlango nikakuta kizingitini mzigo wa magimbi umefungwa kwa magome ya mgomba. Nilisikia aibu, tena aibu hasa. Nikasema nikimaliza kazi nitapanda Kinole kumwomba radhi. Kisha nikayachemsha yale magimbi, tukala na watoto.

Jumatano alikuja Mama Zuhura. Hodi, hodi, hodi. Nikashika gurudumu. Akaondoka naye.

Jumamosi asubuhi nilikabidhi kazi yote, sketi zimekunjwa na mashati yamepigwa pasi, na mwalimu mkuu akasema mwaka ujao atanipa na darasa la pili. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele. Mchana nikaenda bombani na ndoo yangu, nikamkuta Mama Zuhura kwenye foleni. Akanisalimia kwa baridi.

"Mjomba wako ulimwona?" akaniuliza.

"Nasikia alipita."

"Alipita kwangu akitoka kwako. Akasema nikwambie Ijumaa baada ya swala ukoo unakaa, shamba la mama yako linatolewa. Nikaja Jumatano kukwambia, nikapiga hodi weee, na cherehani nilikuwa naisikia tangu kwenye kona. Nikajua leo tena hatutakiwi. Mimi ningefanyaje?"

Nikaiacha ndoo palepale kwenye foleni.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikufafanulie. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama. Shamba lile la Kinole mama yangu alipewa na ukoo wa mama yake, na bibi naye vilevile. Mama alipofariki, wazee wakaliacha lipumzike misimu miwili, wakisubiri kuona nani kati yetu mabinti analitaka. Siku ikifika, mjomba ndiye anayewaita, tena kwa mdomo, kwa kukaa chini na kusalimiana kwanza. Jambo kama hilo halipigiwi kelele mlangoni; hata kumwachia jirani ujumbe, mjomba alikuwa ameshanivumilia. Unayeitwa unapanda, unasimama shambani mbele ya wenzako, unasema nalitaka. Asiyefika anahesabiwa amekataa. Na mimi, kiwanda kimeshanitema, nilikuwa nalitaka shamba lile kwa roho yangu yote. Lilikuwa na kijito pembeni, na migomba ambayo mama aliipanda akiwa na mimba yangu.

Jumapili alfajiri nikapanda. Lori lilitushusha chini ya kilima, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta mjomba uani kwake anasuka kamba. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kihonda wazima?"

"Wazima, mjomba. Nimekuja kuhusu…"

"Mumeo mzima? Unanisikia lakini?"

"Mzima."

"Watoto? Jirani yako yule mwenye kigoda?"

Akaniuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, taratibu, hadi za paka. Nilijibu zote. Machozi yalikuwa yananitoka huku nasema wazima, wazima, naye alikuwa anayaona na hakuongeza mwendo hata kidogo. Nadhani alikusudia. Alipomaliza akaiweka kamba chini.

"Shamba limechukuliwa na Mwanahawa," akasema. Mwanahawa ni binti wa mama yangu mdogo. "Alikuja, akasimama, akasema. Tulikusubiri mpaka alasiri. Sitamnyang'anya, na wewe usimnunie, hana kosa."

Nikamwambia nilikuwa na kazi, sare za shule, siku zimenibana, wageni hawaishi, kila mtu amepita tu. Nilimwaga yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kuwa na kazi si kosa," akasema. "Mimi nikiwa napalilia, mtu akija namwambia nipalilie kwanza, kaa hapo au rudi jioni. Anaweza kununa, atajijua. Lakini wewe ulinyamaza. Nilisikia cherehani inalia, nikapiga hodi ikanyamaza, nikageuka, sijafika hata kwenye mpapai wako ikalia tena. Ungesema tu, mjomba nina kazi, lete neno lako mlangoni, ningelileta mlangoni, mila ningeiacha siku hiyo. Njia nzima narudi nilikuwa najiuliza huyu binti amekataa shamba la mama yake au amenikataa mimi. Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, mjomba."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulijibu swali lile. Sikuwa na hasira nalo tena. Nilikuwa na maumivu tu, na maumivu hayo ninayo mpaka leo nikipita pale chini nikaona migomba ya mama inavunwa na watoto wa mwingine, ingawa watoto wenyewe nawapenda na wananiita mama mkubwa.

Lakini sikushuka mlima mikono mitupu. Nikamuuliza mjomba ukoo umebakiwa na nini. Akacheka, akasema kimebaki kipande cha juu kabisa karibu na msitu, mteremko ambao hata mbuzi anafikiria mara mbili, kimejaa matete. Nikasema nakitaka. Akasema hujakiona. Nikasema twende nikakione, na nisimame, na niseme, leo hii. Tukapanda wote wawili, yeye na fimbo yake. Nilisimama kwenye matete yale, mbele ya mjomba na wanawake wawili waliokuwa wanaokota kuni, nikasema kwa sauti nalitaka. Ada za shule za watoto wangu, mwanangu, zilitoka humo, na kwenye cherehani. Ile tangawizi unayotumiwa kila mwaka inatoka humo.

Niliporudi Kihonda nililitoa lile komeo. Mama Zuhura alipokuja na "sikai, sikai" yake, nilimwambia nikimtazama machoni: "Shoga, asubuhi nashona. Njoo baada ya alasiri nitakuwa wako mpaka magharibi. Kama una neno la haraka, liseme sasa, miguu yangu inafanya kazi lakini masikio yako wazi." Alikasirika wiki nzima. Akaenda kunisema bombani, eti cherehani imenipanda kichwani. Nilivumilia. Wiki ya pili akaja baada ya alasiri, akakaa, tukacheka, na tuliishi hivyo mpaka alipofariki. Yule wa "umepotea" naye nilimwambia. Wa "kidogo tu" nikawapangia siku ya Alhamisi. Wengine walihamia kwa fundi mwingine, nikawaacha waende.

Sasa nije kwako. Juzi nimekuona hapa kwangu. Simu ilikuwa inaita, ukalitazama jina, ukasonya, ukaigeuza kifudifudi mezani hadi ikachoka. Ikaita tena, ukafanya vilevile. Sikukuuliza ni nani, wala sitakuuliza. Najua watu wanakera. Kuna wanaopiga bila sababu, kuna wanaoanza kila neno kwa "yaani," kuna wanaokuuliza "upo?" na ukijibu upo hawana cha kusema. Sikwambii uwapende. Mimi mwenyewe nimezeeka na bado wananikera, na wewe mwenyewe kuna maneno yako fulani nayavumilia tu.

Nasaha yangu ni hii. Usijifiche ndani ya nyumba yako mtu akikutafuta. Ukiwa na kazi, sema una kazi. Ukiwa umechoka, sema umechoka. Mpe mtu saa ya kuja na uiheshimu saa hiyo. Akinuna, mwache anune, uso wake utarudi. Wala usimdanganye kwa kimya ukidhani kimya hakiumizi, kwa sababu aliyeko nje atakijaza mwenyewe, na mara nyingi atakijaza kwa jambo ambalo hukulisema kabisa. Na kabla hujamrudisha mtu, muulize kwanza ana neno gani. Swali hilo halichukui muda, nalo lingeniachia shamba la mama yangu. Hilo nalitaka ulishike, sitaki unijibu tu ndiyo bibi kisha ukaenda kufanya yako.

Mungu akupe kazi nyingi, mwanangu, na watu wengi wa kukusumbua uwapo kazini. Akupe ulimi wa kuwaambia ukweli bila kuwavunja. Wanaokutafuta kwa heri akufikishie maneno yao kabla siku haijapita, na siku ukiitwa kusimama palipo pako, ufike, usimame, na wakusikie. Amina. Haya, mpigie yule mtu, mimi naingia ndani.