Jenereta si nyambizi

Hebu niambieni kama ni mimi niko na makosa.

Landlord mmoja hapa Lindi anataka nimuekee jenereta ya dizeli kwa chumba haina dirisha, katikati ya wapangaji.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo moshi itaua watu."

Akanionyesha video kwa simu. Nyambizi ya Japani, ya dizeli, inakaa chini ya bahari wiki mbili. "Na huko dirisha iko wapi, fundi?"

Sasa mtu kama huyo unamjibu aje. Ile nyambizi moshi inatoa baharini, na imebeba oksijeni yake kwa tangi. Yeye amebeba bundles za simu.

Nikamwambia sawa, aingie yeye kwanza, nifunge mlango, niwashe.

Saa hii anatafuta mtu wa kutoboa ukuta.

Kumbe alijua moshi inaua. Alidhani tu itavutwa na wapangaji.