Mti wa Bafuni

Enzi zetu pale Riyadh, Krismasi ilianza kwa kufunga mapazia. Mama alianza na la sebuleni, akaja la jikoni, kisha akatoka hadi kwenye ngazi kunusa kama harufu ya pilau inasema mambo ambayo hatujaituma. Wenzangu mliokulia Kitui na Machakos mnakumbuka Krismasi ya nguo mpya, soda, na kuzunguka kwa majirani mpaka tumbo linauma. Sisi tunakumbuka kunong'ona. "Ukuta una masikio," Mama alikuwa akisema, "na wa hapa una masikio makubwa."

Tuliishi ghorofa ya tatu mtaa wa Sulimaniyah, nyuma ya maduka ya vitambaa. Baba alikuwa fundi wa mitambo hospitalini, na siku ya Krismasi alienda kazini kama siku nyingine yoyote. Kila Desemba ilizuka habari kwamba kuna Mkenya amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mti wa Krismasi. Hakuna aliyemjua Mkenya huyo kwa jina wala kwao, lakini alirudishwa kila mwaka.

Kwa hiyo tulimshuku kila mtu. Tulimshuku mlinzi wa jengo, kwa sababu alisalimia kupita kiasi. Tulimshuku muuza kuku, kwa sababu aliuliza kwa nini safari hii tunachukua watatu. Lakini tuliyemshuku kuliko wote alikuwa Kyalo, mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Mtoto wa miaka miwili hana siri. Umnong'oneze neno jikoni, atalitangaza kwenye ngazi.

Na hapo ndipo anapoingia Shangazi Mbeke, dada mdogo wa Baba. Alifanya kazi za ndani kwa familia moja Jeddah, mtaa wa Aziziya, na alilala huko huko. Mwaka mzima tulimsikia kwenye simu tu. Bahati yetu ni kwamba mama mzazi wa madam wake aliishi Riyadh, na kila majira ya baridi madam alikuja kumjulia hali, akija na Shangazi wa kumsaidia kulea watoto. Shangazi alikuwa karibu nasi, lakini ili aruhusiwe kuja kwetu siku ile hasa, ilitakiwa sababu. Mama akaitafuta, akaipata: ni birthday ya Kyalo.

Kyalo alizaliwa Julai, wakati wazazi wangu wako safarini kwenye likizo, ndiyo maana akaitwa Kyalo, yaani safari kwa Kikamba. Mama akamzaa upya Desemba. "Birthday haina dini," alisema. Baba akamkumbusha kwamba kuna watu hapa ambao hata birthday hawaipendi. Mama akajibu, "Heri hasira ndogo kuliko kubwa."

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Dereva wa madam alimleta Shangazi asubuhi. Alivua viatu mlangoni, akaketi chini kwenye zulia na Kyalo mapajani, akaanza kuongea Kikamba bila kupumzika, kana kwamba mdomo wake ulikuwa umefungiwa kabatini. Alinukia udi wa nyumba ya watu. Alikula chapati akifumba macho. Nilikuwa mdogo, lakini niliona wazi kwamba kwa Shangazi siku ile moja ndiyo iliyobeba mwaka mzima. Mama naye aliliona hilo, na ndiyo maana alituonya, "Siku tutakayoteleza, hatutamwona tena Mbeke mpaka mkataba wake uishe."

Mti tulikuwa nao. Lilikuwa ua la chunguni lililoachwa na wapangaji waliotutangulia, ambalo hatukujua jina lake. Tulilibandika pamba kuwa theluji, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuiona theluji, tukalitundika nyota za karatasi za chokoleti. Chini yake, juu ya udongo wa chungu, tuliweka hori dogo tulilotengeneza kwa boksi la kiberiti. Nyie wa siku hizi mnaonunua mti uliokwisha kupambwa, mnauchomeka tu ukutani ukawaka, hamjui raha ya kugombania nyota.

Mwaka wa pili kengele ililia mapema. Mama akachungulia kwenye tundu la mlango, akarudi nyuma.

"Ni Mbeke," akanong'ona. "Na madam mwenyewe yuko nyuma yake."

Baba alikuwa hajatoka bado. Alibeba chungu kwa mikono miwili akakificha bafuni. Mimi nikatambaa zuliani nikiokota pamba. Mama alifungua mlango akiwa na tabasamu la harusi.

Madam alikuja kumwona mtoto wa birthday. Alikaa, akapokea chai, akampa Kyalo gari la kuchezea, akauliza ana miaka mingapi. Shangazi akatafsiri. "Mitatu leo," Mama akajibu bila kupepesa macho. Wakati huo wote Kyalo alikuwa akiangalia pembe ya sebule ambako mti ulikuwa umesimama. Akaangalia nyuma ya kochi. Halafu, nadhani kwa kutaka kulipa fadhila ya gari, akashika mkono wa abaya ya madam akamvuta. "Njoo."

"Kyalo!" Baba akaita, lakini madam alikuwa ameshainuka, anacheka, anafuata. Mtoto akasukuma mlango wa bafuni.

Mti ulikuwa umesimama chini ya bomba la kuogea, pamba yake na nyota zake zote, na lile hori la kiberiti hata halijadondoka. Shangazi alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake. Nilimwangalia yeye, na mpaka leo sijasahau uso ule: ni wa mtu anayeona sahani inaondolewa mbele yake kabla hajala.

Madam aliutazama mti. Akamtazama Kyalo. Akageuka akamtazama Shangazi kwa muda. Kisha akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga, akasema maneno machache ya Kiarabu.

"Anasema," Shangazi akatafsiri kwa sauti isiyozidi ya mbu, "ua lenu linahitaji maji."

"Yalla, keki," madam akahimiza, akarudi kukaa.

Alikula vipande viwili. Mama hakula kitu siku ile. "Amejifanya," alisema walipoondoka. "Hakuna mtu anayeona kitu kama kile akanyamaza bure. Ana lake jambo." Mwaka mzima tulisubiri pigo. Kila Shangazi alipopiga simu, Mama alimuuliza kwanza, "Amesema nini?"

"Mafi, wifi. Hajasema kitu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Desemba ilipofika tena, Mama alikataa mti kabisa. Hata keki aliipika shingo upande, akiamini hakuna wa kuila. Kengele ikalia kabla Baba hajaenda kazini. Alikuwa Shangazi, peke yake, na mfuko kutoka kwa madam: zawadi ya birthday. Ndani mlikuwa na kopo dogo la mtoto la kumwagilia maua, la rangi ya manjano. Mama akaligeuza, akachungulia ndani, akaligonga kitako.

"Ana maana gani huyu?"

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaenda mwenyewe kibarazani akaleta chungu.

Leo wazee wangu na Shangazi wamerudi Kitui, nami nimerudi Riyadh kwa mkataba wangu, na mume, na binti yetu Ndanu wa miaka miwili. Mti wenye taa nimeununua dukani mchana kweupe, muuzaji akanifungia kwa tabasamu, nami nikamshuku. Watoto wa binamu zangu, wanaofanya kazi hapa, hujipiga picha nao kabla hata hawajanawa kula, wakazirusha duniani kote. Nikifunga pazia wananicheka: "Auntie, tulia." Nalifunga, Ndanu analifungua.

Kyalo yuko Jeddah siku hizi, ana ndevu. Krismasi hii, kabla ya kupanda ndege kuja kwetu, alipitia Aziziya na keki. Madam amezeeka, na binti yake alimwonya kwamba anachanganya majina. Kyalo akamwambia, mimi ni mtoto wa kwa Mbeke, leo ni birthday yangu.

"Una miaka mingapi?" akaulizwa.

"Mitatu," akajibu.

Bibi yule akacheka, akamshika mkono. "Na ule mti wa bafuni? Mnaumwagilia?"

Kyalo alitusimulia hayo mezani, tukampigia Mama Kitui tukamweleza wote kwa pamoja, tukipiga kelele. "Mimi nilimshuku tangu siku ile," akasema Mama, kisha nikamsikia anapenga kamasi.

Nilipogeuka, Ndanu alikuwa anaumwagilia mti wa plastiki kwa lile kopo la manjano, nililolihifadhi miaka yote, na zulia limelowa. Nikamwacha. Siku hizi miti imejaa madukani, na kila mtu anaiona. Wetu ulionwa na mgeni mmoja tu, naye akaufungia mlango.