Mkono wa Nyumba ya Obdulia

Obdulia alikuwa tumboni mwa mama yake pale askari wa Jenerali Azcona walipomtoa baba yake kwenye mavuno ya ngano, wakampiga risasi. Walimfukia wapi, mpaka leo haijulikani. Miaka ikapita, serikali ya wale wale ikajenga mji pale bondeni, ikauita Azcona, ikagawa nyumba na mashamba ya nyanya. Mama yake akapokea. Mwenye njaa hachagui mlango wa kubisha hodi. Obdulia kazeekea humo, na kila akiulizwa kwao wapi, lazima amtaje muuaji.

Siku ya kikao cha kubadili jina alivaa nguo yake ya msibani, akakaa mbele kabisa.

"Nataka nife Obdulia wa popote, si wa Azcona," akamwambia meya, binti wa juzi tu.

Nyuma, Leoncio muuza mikate akacheka. "Bibi wewe, jina halimng'ati mtu!"

"Wewe litakung'ata wapi? Si baba yako ndiye aliyewashikia askari taa walipompiga baba yangu risasi!"

Meya akasema kura ni kwa desturi ya mji: nyumba moja, mkono mmoja, wa mwenye nyumba. Nyumba walivyogawiwa ndivyo wanavyopiga kura. Anayetaka jina ling'oke, anyooshe.

Obdulia akanyoosha.

"Shusha, bibi," meya akasema kwa upole. "Nyumba ni ya Fermín."

Kweli. Magoti yalipomshinda alimwandikisha mwanawe nyumba, bila hata kuombwa. Ujinga wa mama huo. Akamgeukia.

"Fermín, mwanangu, nyoosha."

Fermín kaangalia viatu vyake. "Mama, hawa nitaishi nao mpaka nife. Wewe lakini..."

"Mimi kesho nakufa, sio? Malizia!"

Hakumalizia, wala hakunyoosha. Hata angenyoosha, jina lisingeng'oka. Mikono ilikuwa michache kama meno ya kichanga. Lakini mikono ya wengine Obdulia hakuwa na habari nayo.

Njiani akasema, "Usinizike hapa."

"Nikuzike wapi sasa? Kwa babu?" Fermín akafoka. "Nionyeshe basi! Babu yuko wapi?"

Obdulia akaendelea kutembea kuelekea nyumbani. Mlangoni Fermín akampisha. Akaingia, maana pengine pa kuingia hapakuwepo.