Ugali wa Mzee Odera

Nakumbuka asubuhi moja gatini Kisumu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, kofia imekaa upande kichwani, sanduku la mablanketi mkononi, naitazama meli iliyokwisha kunibeba mara tisa. Wenzangu wa daraja la tatu waliitazama wakijishika vifua. Kuna mama mmoja aliyefanya ishara ya msalaba kabla ya kukanyaga ngazi. Mimi nilipanda kama mtu anayeingia jikoni kwao. Mwanangu, kosa langu lilianzia hapo. Nilikuwa nimezoea.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, wa zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja, chumba kimoja mlango mmoja. Baba alitoka Butere kuja kufanya kazi stesheni. Mimi nilisoma misheni mpaka darasa la nane, nikaajiriwa na tajiri mmoja wa Kihindi aliyeuza mablanketi. Kila baada ya miezi miwili alinipa sanduku la sampuli, nikapanda treni, nikapita Njoro na baridi ya Molo, nikateremka hadi Kisumu, kisha nikalizunguka ziwa lote kwa meli nikiwaonyesha wenye maduka bidhaa zetu: Entebbe, Bukoba, Mwanza, Musoma, halafu nyumbani. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na jirani zetu wengine hawakuruhusiwa kufika hata Gilgil bila kibali. Kijana aliyekuwa ameona Mwanza alikuwa mtu.

Basi kila niliporudi, Jumapili baada ya kanisa, watu walinizunguka nje ya nyumba yetu wanisikilize. Unadhani niliwaambia nini? Niliwaambia chai ya meli ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Niliwaambia ukikaa upande wa bomba la moshi nguo zako zitarudi Nakuru nyeusi. Wali wa kutoka Mwanza una mawe, samaki wa kutoka Musoma ni mzuri lakini ni mdogo, na nauli, eh, nauli wanayotutoza haistahili benchi la mbao. Watu walicheka, wakanipa kiti. Baba alinisikiliza siku moja mpaka mwisho, akauliza, "Na hilo ziwa lenyewe likoje?" Nikamrudishia habari za nauli. Nilikuwa nimelivuka mara tisa.

Safari hiyo ya kumi, mchana wa kwanza, kengele ya chakula ililia tukiwa bado hatujaacha vilima vya Nyanza. Sisi wa daraja la tatu tulinunua chakula chetu kwenye kidirisha, na nyuma ya kidirisha alikuwapo mpishi mzee aliyeitwa Odera, mrefu, ndevu nyeupe, mkono wa kulia una kovu la moto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Nilikuwa nimemwona kila safari, wala sikuwahi kumsalimu. Nikapokea sahani yangu. Ugali ulikuwa mgumu pembeni, katikati unga mbichi.

Niliinua sahani juu ili kila mtu aione. "Mzee, hii ni ugali ama ni uji imevaa koti?"

Sitaha nzima ikacheka. Mzee Odera alinitazama bila hasira, akasema, "Kula kwanza, kijana. Maneno haiozi, utasema baadaye."

Lakini mwanangu, kicheko cha watu ni pombe, na mimi nilikuwa nimeshaonja. Niliketi juu ya sanduku langu, nikatoa kalamu ya wino na karatasi za tajiri, nikaandika barua ya Kiingereza kwa mzungu aliyesimamia abiria. Niliandika kwamba mpishi wa daraja la tatu ni mzembe, hajui kazi, anadharau watu, na kwamba sisi abiria tunataka aondolewe. Kisha nikapita benchi kwa benchi. Wenye kujua kuandika waliandika majina yao. Wasiojua walichovya dole gumba kwenye wino wangu. Nilipata watu thelathini na wawili, nikampa karani wa meli ile barua, nikalala usingizi mtamu.

Kesho yake, tulipotia nanga Entebbe, karani alinijia akitabasamu. "Umeshinda. Mzungu amesema huyo mzee atashushwa Bukoba. Kazi yake imekwisha."

Watu walinipiga mgongoni. Nilijiona nimekua kwa futi nzima.

Tuliondoka Entebbe adhuhuri. Baada ya saa tatu hivi, upepo ulikufa ghafla. Ziwa likawa kama kioo, rangi ya risasi. Mabaharia wakaanza kukimbia, wakifunga kila kitu kwa kamba bila kusema neno, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mabaharia wale walikuwa watu wa kelele. Kisha mbingu upande wa kusini ikashuka. Sina namna nyingine ya kusema. Wingu jeusi lilishuka mpaka likagusa maji, na maji nayo yakainuka kwenda kulipokea, ikasimama nguzo kati ya ziwa na mbingu, nene kuliko tangi la maji la stesheni ya Nakuru, inazunguka, inatembea. Wazee waliokuwa kwenye sitaha walivua kofia zao. Nami nikajikuta nimevua yangu.

Nguzo ilitupita mbali, lakini mawimbi yake hayakutupita. Meli ile niliyoidharau ililala ubavu mmoja, ikainuka, ikalala ubavu wa pili. Watu walitapika, watoto walilia, masanduku yaliteleza kutoka ukuta hadi ukuta. Yule mama wa ishara ya msalaba alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa ametapika mpaka amelegea kama kitambaa. Alinishika mguu wa suruali.

"Baba, wewe ndiye unajua hii meli. Nitafutie kitu ya moto mtoto anywe. Ananifia."

Mimi ndiye niliyeijua meli! Nilijua ubaya wa chai yake. Nilishuka ngazi nikiwa nimekumbatia vyuma, nikafika mlango wa jiko, na kwa mara ya kwanza katika safari kumi nikaona kulikuwa na nini nyuma ya kile kidirisha.

Kilikuwa chumba cha chuma, kidogo kuliko chumba chetu cha Nakuru, kina joto kama tanuri la mkate. Mzee Odera alikuwa amejifunga kiunoni kwa kamba kwenye mhimili. Mbele yake lilikuwa jiko la makaa lililopasuka upande mmoja, nusu yake moto unawaka, nusu yake jivu baridi. Juu yake palikuwa na sufuria kubwa ambayo watoto wawili wangeweza kuoga ndani yake, imefungwa kwa minyororo, na sufuria ile ilikuwa imejaa uji. Kila meli ilipolala, mzee alilegeza mnyororo wa upande huu na kuvuta wa upande ule, na uji ukabaki sawa kama maji ya kisimani. Hakuwa anatazama sufuria. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikiliza mawimbi kwa nyayo zake, anajua linalokuja kabla halijatugonga. Na mkono wake wa pili haukuacha mwiko hata mara moja.

Nilisimama pale nikasahau nilichotumwa. Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo, mwanangu, nimeona hata ndege ikitua, lakini sijawahi kuona mtu anayeijua kazi yake namna ile.

"Msaidizi wako yuko wapi?" nikauliza.

"Amelala na homa tangu Kisumu. Mimi ni peke yangu." Akafumbua macho. "Umekuja kusimama ama umekuja kubeba?"

Nikabeba. Alinijazia ndoo, akaniambia, "Usishindane na meli. Ikienda, enda na yeye." Nilimpelekea yule mama kwanza. Mtoto alikataa, akalamba, akakataa tena, halafu akameza. Mama yake alilia bila sauti. Nilishuka na kupanda ngazi ile mara nyingi, mpaka kila benchi lilikuwa na kikombe cha uji wa moto, na watu waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza, wameshika vikombe kwa mikono miwili. Jua lilipotoboa mawingu, ziwa lilikuwa limejaa dhahabu mpaka mwisho wa macho. Nikaliona. Hatimaye nikaliona.

Niliporudi jikoni, mzee alikuwa amejifungua kamba, ameketi juu ya gunia la unga. Kiunoni shati lake lilikuwa na damu.

"Wewe ndiye mwenye barua," akasema. Karani alikuwa amemwambia tangu asubuhi. Alijua anashushwa Bukoba, na bado alijifunga kamba ile.

Nilipiga magoti.

"Simama. Mimi si kanisa. Uliandika ati ugali ilikuwa mbichi. Ni kweli, ilikuwa mbichi. Mtu akilipa pesa yake anataka chakula imeiva, hiyo si makosa. Lakini uliandika mimi ni mzembe. Hiyo nani alikuambia? Uliniuliza moto iko namna gani?" Akalipiga teke dogo lile jiko lililopasuka. "Hii mimi nimesema kwa mdomo safari nne. Sijui kuandika. Wewe Mungu amekupa kalamu, na ukaona mtu wa kushtaki ni mimi."

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Nilikuwa nimelisoma neno hilo misheni na kulijibia mtihani. Nililielewa siku hiyo, nimesimama mbele ya mzee mwenye shati la damu.

Nilikwenda kwa mzungu, nikaomba barua yangu. Alinitazama kwa hasira. "Wewe nataka kucheza na mimi? Watu thelathini na mbili nasema mpishi mbaya. Sasa wewe peke yako nasema mpishi mzuri?" Akaniambia hataki neno la mtu mmoja. Kama wale wote wamebadili nia, niwalete.

Basi nikapita tena benchi kwa benchi, jua likiwa bado juu, na safari hii hakuna aliyecheka. Niliwaambia niliandika nisichokijua. Mwanamume mmoja alinifukuza: "Jana hivi, leo vile, wewe ni kinyonga?" Yule mama mwenye mtoto alikuwa ametia dole lake pia. "Ulichukua kidole yangu," akasema, "lakini hukuniambia ni ya kumfukuza mtu kazi." Neno hilo ninalo hadi leo. Nilikuwa nimempa wino bila kumsomea barua.

Safari hii nilisoma kila mstari kwa Kiswahili kabla mtu hajagusa wino. Niliandika kwamba jiko limepasuka, kwamba msaidizi ni mgonjwa, kwamba mtu mmoja amelisha meli nzima katika dhoruba, na kwamba abiria wanaolipa nauli wanastahili jiko zima. Asubuhi, vilima vya Bukoba vikionekana, nilimpa mzungu karatasi ile ikiwa na watu zaidi ya arobaini. Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia mfukoni. Ila Bukoba tulipofika, ngazi iliteremshwa, watu wakashuka, na Mzee Odera hakuwa miongoni mwao.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Mzungu alimwandikia tajiri wangu kwamba nawachochea abiria, na nilipofika Nakuru niliondolewa safari za ziwani nikawekwa stoo kukunja mablanketi. Miaka ikapita. Lakini mlinzi mmoja wa treni, rafiki wa baba, aliniletea habari kutoka Kisumu kwamba meli imetiwa jiko jipya, na mzee angali anapika juu yake. Nilikunja mablanketi siku hiyo nikiimba.

Mwanangu, nakuona na simu yako, ukila hotelini hapa mjini unapiga picha sahani na kuandika huduma ni mbovu, bei ni kali, msije. Sikukatazi. Chakula kibichi ni kibichi, na anayenyamazia ubaya anaulea. Ninalokuomba ni hili. Kabla hujamhukumu mtu kwa kilichotoka mkononi mwake, nenda ukaone anasimama wapi akikitengeneza. Lawama yako iende kwa jiko lililopasuka, isiende kwa aliyeungua akilitumia. Usichukue kidole cha mtu asiyejua unachoandika. Na ukikosea, rudi kwa watu wale wale uliokosea mbele yao, kwani heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliyejikwaa ulimi hutembea mbali sana kutafuta dawa.

Nenda sasa, baba. Mungu akuonyeshe kazi ya watu wakati bado unaweza kuwashukuru. Akupe macho yasiyozoea, na kalamu yako iwe ya kuinua. Popote utakapoketi kula, mikono iliyokupikia ibarikiwe pamoja na yako.