Mgombea wa Mkono wa Birika

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa mbao mtaa wa Kisumu Ndogo. Alipotaka tiketi ya chama agombee udiwani, mimi ndiye niliyemwandikia hotuba. Nilikaa Kawangware na shahada yangu ya uchumi, nikaandika juu ya serikali isiyo na makuu: ushuru wa wachuuzi upunguzwe, safari na magari ya wakubwa yapunguzwe kwanza. Niliisoma kwa sauti, nikajipenda.

Kosa ni kwamba shemeji aliiamini.

Siku ya mkutano alikataa kukodi hema wala viti. Akatangaza kila mtu aje na kiti chake. Watu walikuja na vigoda na mitungi ya maji, wakakaa juani wakimsikiliza akieleza kwamba kaunti haiwezi kupunguza ushuru huku ikiongeza matumizi. Walitikisa vichwa kukubali. Kisha wakangoja. Kwetu mkutano hauishi kwa maombi. Unaisha watu wakiachiwa ya chai.

Shemeji alishukuru, akashuka.

Mama mmoja muuza omena, jirani wa karakana yake, alisimama na kigoda mkononi. "Fundi, unaomba kura na chai hutununulii. Ukishapata, si utatunyima hata salamu?"

Watu wakacheka. Shemeji akajibu kwa upole, "Mama, chai nitakayokununulia leo, kesho utanilipia kwa ushuru."

"Basi ninunulie, nijue ninacholipia."

Hapo nilijua tiketi imetuponyoka. Mpinzani wake alipita juma lilelile akiahidi kushusha ushuru, kujenga soko na kulipia watoto karo, yote kwa pumzi moja, na nyuma yake lori la unga. Dada yangu naye alipanga foleni. Jioni tulikula ugali wa mpinzani, mgombea na mwandishi wake wa hotuba, na sikumbuki kati yetu aliyeuliza fedha zimetoka wapi. Ulikuwa umeiva vizuri.

Kura ya mchujo ilipopigwa, shemeji aliangushwa vibaya. Alirudi kwenye randa yake bila kunilaumu, jambo lililoniuma zaidi.

Siku chache baadaye nilikuwa karakanani wakati yule mama alipofika na wenzake wawili wa chama chao cha akina mama. Mweka hazina wao amehamia mashambani, wakasema. Walitaka shemeji awashikie pesa.

Aliweka randa chini. "Mbona hamkunipa kura?"

"Wewe una mkono wa birika, fundi. Kila mtu anajua."

"Na pesa zenu mnaniletea?"

Mama alimtazama kana kwamba fundi ndiye aliyesoma chuo kikuu, si mimi. "Zile za udiwani zilikuwa za serikali. Hizi ni zetu."

Shemeji alinigeukia, labda akitarajia hotuba. Akapangusa vumbi la mbao kwenye benchi ambalo halijapata mnunuzi, akawakaribisha wakae. Chai hakuna aliyeitaja.