Maziwa ya Namelok

Juzi maziwa yalifurika jikoni kwangu Kimandolu, na ile harufu ya kuungua ikanirudisha kwetu, magharibi ya Mlima Meru, alasiri ile walipokuja wataalamu wa mifugo.

Walikuwa wakipima ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Kila ng'ombe alichomwa sindano shingoni, damu ikaingia kwenye kichupa. Mimi nilidhani wanachagua wa kuchinjwa. Namelok, ng'ombe niliyempenda kuliko wote, alikuwa ametoka kutupa ndama wake, basi nikaenda kumfunga nyuma ya mahindi.

"Shikamoo, daktari," nilisema. "Wamekwisha."

"Marahaba. Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Majibu yaliporudi, tuliambiwa ng'ombe watatu ni wagonjwa, maziwa yao yachemshwe. Namelok hakutajwa. Yeyo, mama yangu, alikuwa mjamzito, akaamua kunywa maziwa ya Namelok tu, mabichi, kwenye kibuyu kilichonukia moshi wa mzeituni. Mimi ndiye niliyempelekea kila asubuhi, nikijivuna.

Homa ilimpata mahindi yakianza kukauka. Mdogo wangu alizaliwa bila kulia, wakamzika nyuma ya zizi.

Sijawahi kumwambia Yeyo. Juzi alikuwa amekaa hapohapo jikoni, akinitazama nikifuta jiko.

"Mnayachemsha mno," alisema. "Ya Namelok tuliyanywa hivihivi, na hayakumdhuru mtu."

Niliendelea kufuta, ingawa jiko lilikuwa limeshatakata.