Betri Iliyoanikwa Pamoja na Mlenda

Jana nimefungua friji ya mama yako natafuta maji ya kunywa, nikakuta betri ya drili imelala juu ya samaki, imefungwa mfuko wa nailoni vizuri kama maiti. Nikauliza. Mama yako akasema, "Ni ya Idi, shemeji. Eti ikipata baridi inarudisha nguvu." Sikunywa hata hayo maji. Nilirudi nyumbani nikakaa, na siku ile ya Busi ikanijia yote, mwanangu, tangu asubuhi mpaka asubuhi.

Kaa hapo, Idi. Hiyo simu iweke chini.

Unajua mimi na baba yako tulifanya useremala pamoja hapa Dodoma kabla hujazaliwa. Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguliwa. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukaona vitu vya Dubai vimejaa mpaka barazani. Baba yako akaona drili ya betri, isiyo na waya, akapagawa. Akaja nayo kwenye karakana yetu kaikumbatia. Nikamwambia, "Shabani, hiki kitu kimeshatumika huko kilikotoka, angalia ilivyochubuka." Akasema mimi nina wivu. Mimi! Wivu wa nini?

Mwanzoni ilifanya kazi, sitaki kusema uongo. Baadaye ikaanza ujinga wake. Unaichaji kutwa nzima, taa ya chaja inawaka kijani, ukiishika inanguruma vizuri; ukitoboa matundu mawili kwenye mninga, inakohoa na kunyamaza. Baba yako anairudisha kwenye chaja. Taa kijani. Matundu mawili. Kimya. Nikimwambia betri imekufa, ananionyesha taa. "Kaka, huoni kijani?" Jamani, taa! Taa ndiyo inatoboa mbao?

Basi, shangazi yetu Mwanahawa, dada wa baba yetu, akatuma salamu kutoka kijijini Busi. Mlango wa chumba cha mbuzi umeliwa na mchwa, na fisi wameanza kuja kunusa. Alikuwa mjane, anaishi kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na mjukuu wake Hadija, mtoto mdogo ambaye mama yake alifariki akamwacha ananyonya. Yule mtoto alikuwa akilelewa kwa maziwa ya mbuzi mmoja wa madoadoa, Kipaku. Ukisema uhai wa yule mtoto ulikuwa kwenye yale maziwa hukosei.

Tukachonga mlango wa mninga hapa mjini. Usiku wa kuondoka nikaweka kekee yangu ya kutobolea mbao kwa mkono kwenye begi, hii hii unayoiona hapo ukutani. Tumefika Busi, nafungua begi, naona koti la baba yako. Kekee hamna! Ameitoa. "Watu wa Busi watatucheka, kaka, tunatoka mjini tunazungusha mkono." Lahaula. Nilitamani nimpige na lile koti.

Asubuhi akaanza kwa mbwembwe. Akaung'oa mlango wa zamani, akaupasua, akampa shangazi kuni. Majirani wamesimama wanatazama. Akashika drili: vuuuu. Watoto wakapiga makofi. Tundu la kwanza, la pili, halafu ikalia kama mtu anayesinzia, ikanyamaza. Akaitikisa. Akaipuliza. Na mninga ule bila kutoboa kwanza, skrubu haiingii; ukipiga msumari, fremu inapasuka.

Sasa sikiliza alichofanya baba yako. Unajua sisi huku betri za redio tunaziita mawe, na mawe yakichoka tunayaanika juani, redio inasema kidogo, mtu anapata taarifa ya habari. Baba yako akachomoa betri ya drili, akapanda juu ya tembe, akaianika katikati ya majani ya mlenda ambayo shangazi alikuwa anayakausha. Nikamwambia, "Shabani, hayo si mawe ya redio." Akajibu, "Ndani yake si mawe tu yamepangwa?" Mtu ameshafungua akaona yamepangwa, basi amekuwa mtaalamu.

Shangazi akatoka, akatazama juu. "Ile nini kwenye mlenda wangu?"

"Betri, shangazi. Inapumzika."

"Inapumzika? Imefanya kazi gani?"

Majirani walicheka, na mimi nilicheka kwa hasira. Nikaomba kekee kijijini, ikaonekana fundi mwenye nayo kaenda nayo Haneti. Nikajaribu kutoboa kwa msumari uliochomwa moto. Unatoa moshi tu, tundu haliendi. Jua likaanza kuinama. Shangazi akaja tena, safari hii hakutania. Akamshika baba yako mkono.

"Shabani mwanangu, niambie kweli. Mlango utafungwa leo? Kama haufungwi niwapeleke mbuzi kwa Bi Zuhura, ng'ambo ya korongo, kabla giza halijaingia. Giza likiingia, lile korongo sivuki na mbuzi."

Baba yako akatazama juu ya tembe, akawatazama watu, akasema, "Tulia, shangazi. Utafungwa."

Nikasema, "Shangazi, wapeleke tu." Akatutazama wote wawili. Lakini mwenye drili ni Shabani, aliyemwahidi ni Shabani, naye alikuwa mtoto wake kipenzi. Akamwamini.

Magharibi betri ikateremshwa. Imevimba, inanuka dawa, imechuruzika maji kwenye mlenda. Ikavishwa kwenye drili. Haikusema hata vu. Tukauegemeza mlango kwenye fremu, tukasukumia kinu na magunia, na baba yako akaapa kwamba yeye atalala pale pale nje akiuegemea. Kulipopambazuka nilimkuta jikoni, karibu na majivu ya moto. Baridi ilimshinda. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, mlango umeanguka, na Kipaku hayupo.

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa anakoroga uji wa maji matupu, Hadija kashika upindo wa khanga yake anauliza, "Bibi, Kipaku?" Shangazi akaendelea kukoroga, kisha akasema bila kugeuka:

"Shabani, betri kufa si kosa lako. Hata watu wanakufa. Kosa lako nilikuuliza jua bado lipo, ukashindwa kuniambia 'bado'."

Ni hilo tu. Mtoto tulimhangaikia maziwa kwa majirani, na Mungu alimkuza, ndiye yule dada yako Hadija wa Kolo.

Mwanangu, mnamcheka baba yenu. Mtaa mzima unamwita Fundi Bado, na ninyi watoto mnaona sifa kumwigiza. Mteja akimwuliza, hata ikiwa imebaki skrubu moja, anajibu "bado". Mlidhani ni uzee. Sasa umejua neno hilo limetoka wapi.

Mama Rehema aliniambia jana umemwahidi mlango wa duka lake utafungwa leo, na usiku huu huu anashusha mzigo humo. Amekuuliza, umemjibu "usijali". Na betri iko juu ya samaki! Baba aliianika, mwana anaigandisha.

Kifaa kikifa, kubali kimefa. Usibembeleze, usionyeshe watu taa. Na mtu aliyejenga mpango wake juu ya neno lako, mwambie kweli wakati bado ana nafasi ya kujipanga vingine. Aibu ya kusema "bado" inaisha siku hiyo hiyo. Ile nyingine baba yako anayo mpaka leo.

Haya, inuka. Kekee hiyo hapo, chukua. Lakini pita kwa Mama Rehema kwanza, sasa hivi, jua bado lipo. Mungu akupe mikono yenye baraka, mwanangu, na ulimi usioona haya kusema kweli. Na hiyo betri itoe kwenye friji. Mama yako ana wageni.